Natembea mpaka Shela bila shida, kwa nini ngazi za nyumbani zinanitoa pumzi na goti linauma?

Swali:

"Salaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 49, nakaa Mkomani hapa Lamu, nyumba ya kale, sisi tuko yuu kabisa. Mwezi uliopita nilianza mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi za nyumbani manake kukimbia pwani siwezi, watu wengi na mimi sipendi kutazamwa. Nimehesabu madaraja ni 46. Siku ya kwanza nilienda mara kumi, kesho yake sikuweza hata kuketi chooni. Sasa ni wiki ya nne, nafika yuu kwa sekunde arubaini hivi, nahema kama nimekimbizwa, moyo nausikia masikioni. Goti la kulia linanichoma mbele hapo kwenye pia ya goti nikishuka, nikipanda si sana, tena linalia kakaka. Shoga yangu ashanambia niache ati ngazi zinasaga magoti, mwanangu anambia niendelee ati ndio zinamaliza kitambi haraka. Natembea mpaka Shela na kurudi sina shida, sasa madaraja 46 yanishinde kwa nini? Nina kilo 78, presha nilipimwa mara moja ikawa 142 kwa 90. Nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, usiku nipate kulala. Niache au niendelee?"

Jibu:

Wa aleikum salaam dadangu, asante sana, umenipa umri, uzito, presha, mpaka hesabu ya madaraja, habari ambazo kwa wagonjwa wengi inanibidi nizivute kwa robo saa nzima. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, si daktari wa moyo, kwa hivyo pale jambo litakapokuwa la daktari ntakwambia wazi.

Nimesoma swali lako mara mbili na naona kinachokuhangaisha si goti peke yake wala pumzi peke yake. Ni kwamba ulikuwa unaujua mwili wako, unafika Shela unarudi, halafu ngazi za nyumba yako mwenyewe zikakuonyesha vingine na sasa huku shoga anavuta huku mtoto anavuta. Jibu fupi ni hili: ngazi usiziache, lakini hivi unavyozifanya sasa usiendelee navyo hata kesho. Punguza sana, jifunze kushuka upya, kapime presha tena, na hio diklofenaki ya kila usiku acha kujipa mwenyewe. Sasa nikueleze kwa nini, manake ukishaelewa sababu hutahitaji kuniuliza tena kila goti likilia.

Tuanze na Shela. Kutoka mjini mpaka Shela ni kama kilomita 3 na njia ni tambarare, mwili unasukumwa mbele, hauinuliwi. Kila hatua unapanda sentimita chache tu halafu unarudi, na ule uzito unaorudi unakusaidia hatua ya pili. Kwenye ngazi msaada huo haupo, kila daraja lazima uzinyanyue kilo zote 78 uziweke juu na zibaki huko huko juu. Madaraja ya nyumba zetu za kale ni marefu, tukikisia kila moja sentimita 22 basi madaraja 46 ni kama mita 10 kwenda juu. Hebu fikiria kisima cha mita 10, uteke ndoo nne za lita 20, zote nne, ndani ya sekunde arubaini. Hio ndio kazi unayoifanya kila ukipanda mara moja. Mtu akiteka ndoo nne kwa kasi hio halafu akahema, hakuna atakayemwambia ana ugonjwa.

Watu wa mazoezi hupima kazi ya mwili kwa kuilinganisha na kuketi kimya. Kuketi ni moja, kutembea kawaida mahali tambarare ni kama mara 3 au 3 na nusu ya hapo, kupanda ngazi polepole ni kama mara 4, lakini ukipanda kwa haraka inaruka mpaka karibu mara 9, yaani umeingia kwenye kundi la mtu anayekimbia. Kwa hivyo wewe umekuwa ukijilinganisha vibaya, ulidhani ngazi ni Shela fupi, kumbe ngazi kwa mwendo wako ni kukimbia, na kukimbia hujawahi kujizoeza.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawaambiwi. Misuli ina akiba ndogo ya nguvu iliyo tayari, inatosha sekunde chache tu, ikiisha hio misuli inaanza kuchoma sukari iliyomo ndani yake bila kungoja hewa ifike. Moyo na mapafu vyenyewe huchukua dakika mbili tatu hivi mpaka vifikie kasi inayotakikana. Wewe kwa sekunde arubaini ushafika juu! Yaani kazi imeisha kabla moyo na mapafu hayajashika mwendo, umefanya kazi kwa mkopo, na dawa ya deni ni kulipa, ndio maana unahema zaidi ukiwa umeshasimama kuliko ulipokuwa katikati ya ngazi. Kuhema huko kukipungua ndani ya dakika moja mbili, na ikifika dakika ya tatu unazungumza kama kawaida, hio ni pumzi ya mtu mzima asiyezoea, si ya mgonjwa. Kila wiki utaona inarudi upesi zaidi, na kwangu mimi hicho ndicho kipimo kizuri kuliko kuhesabu mapigo ya moyo.

Pumzi inayonitia wasiwasi ni ya namna nyingine. Ni ile iliyobadilika, mtu alikuwa akipanda ngazi hizi hizi miaka yote na sasa ndani ya wiki chache anasimama katikati. Au inayokuja na kifua kubana, uzito unaopanda mpaka taya au mkono, jasho baridi, kizunguzungu, kutaka kuzirai, moyo kwenda ovyo ovyo bila mpangilio. Au usiku hulali mpaka uegemee mito, na miguu imevimba. Lolote katika hayo usingoje jibu la mtu mtandaoni, nenda hospitali siku hio hio, na kama ni kifua kinabana na hakiachi ukipumzika basi ni saa hio hio, hata kama ni usiku wa manane. Umri wako pia una jambo lake, wanawake wengi wa miaka 45 mpaka 50 na kitu hedhi zao huwa nyingi na za ovyo kabla hazijakatika, damu inapungua pole pole na mtu anadhani amezeeka au amenenepa. Damu ndio inayobeba hewa, ikipungua ngazi ndio zinakuwa za kwanza kukwambia. Hujaniandikia habari za hedhi na hapa si mahali pake, lakini ukienda kupima presha mwambie wakupime na damu, ni kipimo kidogo tu cha kutoboa kidole.

Sasa goti, na hapa shoga yako amekosea lakini namwelewa, manake sote tumelelewa tukiambiwa goti ni kama kinu, ukilitumia linasagika. Goti lina uhai. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini cheupe kinachoteleza, na gegedu halina mishipa ya damu, chakula chake linakipata kwenye ule ute ulio ndani ya goti. Ukikanyaga linabanwa, ukiachia linafyonza, kama sifongo. Goti lisilotumiwa ndilo linalokosa chakula. Hata watu ambao magoti yao yameshalika kweli, mazoezi ndio matibabu ya kwanza wanayopewa duniani kote, kabla ya sindano na kabla ya upasuaji. Na hio kakaka, kama haina maumivu wala uvimbe, achana nayo kabisa. Magoti mengi yanalia, yangu yanalia tangu nikiwa shule.

Ila maumivu ya kushuka yana sababu na ni muhimu uijue. Ukipanda, msuli mkubwa wa mbele ya paja unajikaza unakuwa mfupi, unakunyanyua. Ukishuka ni msuli huo huo unafanya kazi ngumu zaidi, unakaza huku unarefuka, unashika breki. Mfikirie baharia anavyoteremsha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, kamba haiachii ikaanguka, anailegeza mkono kwa mkono. Kama mikono imechoka inamponyoka kidogo kidogo, na foromali inashuka kwa kishindo. Paja lako likichoka ndio hivo, kila daraja unaanguka nalo sentimita ya mwisho, na kishindo kinapokewa na pia ya goti inayobanwa kwenye fupa la paja. Kuna watu waliowekewa magoti ya bandia yenye vipimo ndani yake, ikaonekana kutembea kawaida kunaliweka goti chini ya mzigo wa kama mara 2.6 ya uzito wa mtu, kupanda ngazi mara 3.2, kushuka karibu mara 3.5. Kwa kilo zako 78 kushuka ni kama kilo 270 kila daraja. Usishtuke na hio namba, goti limeumbwa kwa kazi hio, lakini limeumbwa lisaidiwe na paja lenye nguvu na lipewe muda wa kuzoea. Wewe hukulipa muda. Siku ya kwanza mara kumi ni kushuka madaraja 460 kwa mtu ambaye desturi yake ni kushuka kwenda sokoni na kurudi. Ile hali ya kushindwa kuketi chooni ilikuwa misuli kuumia kwa kazi ya breki ambayo haijaizoea, maumivu ya hivo huja siku ya pili na ya tatu halafu hupotea, hayana ubaya. Goti ndilo lililobaki na malalamiko kwa sababu hukulipumzisha, uliendelea.

Halafu kuna hili ambalo huwa nawaambia watu wakashangaa: kushuka huko huko kunakouma ndiko kuna faida kubwa, kukifanywa kwa kiasi. Taiwan walichukua wanawake wazee wanene, kundi moja likawa linapanda ngazi tu na kuteremka kwa lifti, kundi jingine linashuka tu, wiki 12, wakianza na kidogo wakiongeza taratibu. Waliokuwa wanashuka walipata nguvu za mapaja zaidi, sukari yao ikadhibitika vizuri zaidi, na mifupa yao ikawa imara zaidi kuliko waliopanda tu. Kwa hivyo sitaki uache kushuka. Nataka ushuke kama mtu aliyebeba sinia la vikombe vya kahawa.

Na nyumba zetu zenyewe zinataka adabu. Wanaoandika vitabu vya mazoezi wanafikiria ngazi za ofisi, madaraja sawa sawa, mapana, taa, na chuma cha kushikia. Ngazi ya nyumba ya Lamu ni nyembamba, ina giza, daraja moja refu na la pili fupi, ukingo umelainika kwa miguu ya watu wa miaka mia mbili, mara nyingine hata pa kushika ni ukuta tu. Daraja likiwa refu goti linakunjika zaidi, na kadiri linavyokunjika zaidi likiwa limebeba mzigo ndivyo pia ya goti inavyobanwa zaidi, kwa hivyo madaraja yako 46 ni mazito kuliko 46 ya mtu wa ghorofa za Mombasa. Kandambili vua. Ama miguu mitupu kama ngazi ni kavu na safi, ama kiatu kinachoshika kisigino. Buibui au dira inyanyue au ifunge, usifanye mazoezi na nguo inayofika kwenye vidole. Washa taa hata mchana. Mkono mmoja uwe ukutani wakati wote wa kushuka, na simu iache juu. Watu wengi wanaoumia kwenye ngazi wanaumia wakishuka, na mvunjiko wa nyonga au kifundo utakuweka kitandani kwa muda ambao mazoezi ya mwaka mzima hayaurudishi.

Namna ya kupanda: weka wayo wote kwenye daraja, siyo vidole tu, kisha inamisha kifua mbele kidogo kutoka kwenye nyonga halafu sukuma kwa kisigino. Ukifanya hivo makalio yanachukua sehemu ya kazi na goti linapata nafuu papo hapo, jaribu leo utaona. Goti liangalie mbele, lisiingie ndani kukutana na lenzake. Na pumua, usibane pumzi, manake mtu wa presha akibana pumzi huku anajikaza presha inaruka. Kushuka, kila daraja lichukue sekunde mbili, shusha mguu mpaka uguse ndipo uhamishe uzito. Siku goti likiwa kali, kupanda tanguliza mguu mzima na kushuka tanguliza unaouma, miguu yote miwili ikutane kwenye kila daraja. Inaonekana kama kizee lakini ni kwa muda.

Mwanao naye nimrekebishe kidogo, kwa mapenzi. Ngazi hazichagui kitambi, hakuna zoezi linalochoma mafuta ya mahali pamoja, mwili unatoa unapotaka wenyewe. Na hesabu yenyewe si kubwa kama watu wanavyodhani. Kukunyanyua mita 10 kunachoma kama kalori 8, tuseme na kushuka inafika 11. Kijiko kimoja cha sukari cha gramu 4 au 5 ni kalori 16 mpaka 20. Yaani mara zako kumi zilizokulemaza zilikuwa ni vijiko vitano sita vya sukari. Ukinywa chai vikombe viwili kwa siku na kila kimoja vijiko vitatu, ushavirudisha. Sikwambii hivi nikuvunje moyo, nakwambia ili usiongeze mara za kupanda ukitafuta kitambi, ukaua goti. Kitambi kitafute kwenye sahani na kikombe, ngazi ziache zifanye kile zinachokiweza vizuri, nacho ni moyo, pumzi, mapaja na mifupa.

Na kwa moyo zina sifa ya zamani. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Dereva ameketi kutwa, kondakta anapanda na kushuka akikata tiketi, kama madaraja 500 mpaka 750 kwa siku ya kazi. Makondakta walionekana kupata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na waliopata haukuwa mkali vile. Baadaye Morris mwenyewe akatazama vipimo vya sare zao akakuta madereva walikuwa wanene kiunoni tangu mwanzo, kwa hivyo si ngazi peke yake, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeendelea kuonyesha mwili unaotumika unaulinda moyo. Kinachonigusa mimi ni namna walivyozipanda. Madaraja 500 ni kama wewe kupanda mara 11, karibu sawa na siku yako ya kwanza, ila wao waliyagawa kutwa nzima. Kule Kanada nako, Chuo Kikuu cha McMaster, mwaka 2019 walichukua vijana wasiofanya mazoezi, wakawa wanapanda madaraja 60 kwa kasi mara tatu kwa siku, na kati ya mara moja na nyingine wanakaa saa moja mpaka nne, siku tatu kwa wiki kwa wiki sita, na uwezo wao wa pumzi ukapanda kwa kama asilimia 5. Si nyingi lakini ni kwa dakika chache sana. Hao ni vijana, wewe usikimbie, chukua ule mgawanyo tu.

Basi mpango wako ninavyouona. Wiki hii pumzisha mazoezi ya ngazi, panda zile za lazima tu, na hizo za lazima zihesabu pia, mtu anayekaa juu kabisa akitoka mara mbili kwa siku ashapanda madaraja 92 kabla hajaanza zoezi. Kutembea Shela endelea, kwenda na kurudi ni kama saa na robo au zaidi, ukienda mara mbili kwa wiki ushakaribia au ushafika zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka, kwa hivyo ngazi kwako ni nyongeza, hakuna anayekukimbiza. Wiki inayofuata anza na mara moja asubuhi na mara moja jioni, siku tatu kwa wiki, mwendo wa kuweza kuzungumza lakini huwezi kusoma kaswida. Tembea tembea ndani ya nyumba dakika tano kabla. Juu pumzika mpaka pumzi irudi ndipo ushuke, usishuke paja likiwa linatetemeka. Kila wiki ongeza mara moja tu kwa siku, na ukifika mara sita kwa siku zilizogawanyika baki hapo miezi miwili.

Wakati huo huo lijenge paja, manake hapo ndipo goti litakapopona. Kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, polepole hasa wakati wa kuketi, mara 8 mpaka 10, pumzika, rudia mpaka zitimie raundi tatu. Kisha simama umeshika ukuta unyanyuke kwa vidole, kiasi hicho hicho. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Kama kiti kinauma weka mto ukikalie uwe juu zaidi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika, tuseme 3 kwa 10, sharti yawe yameisha kesho yake wakati kama huo huo. Yakibaki au yakizidi, ulizidisha, rudi nyuma hatua moja. Usitarajie goti libadilike kwa wiki moja, kwa kawaida ni wiki 8 mpaka 12, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu, tafadhali usiwe wao.

Wakati wa kaskazi, miezi ya joto, fanya baada ya swala ya alfajiri au usiku. Kwa unyevu wa hewa yetu jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili, moyo unabeba kazi mbili. Ramadhani punguza, fanya baada ya kufuturu chakula kikishatulia.

Diklofenaki sasa. Dawa za jamii hio zinafanya figo zishike chumvi na maji, na presha inapanda. Mtu mwenye 142 kwa 90 anayemeza kila usiku hajui kama presha ni yake au ni ya dawa. Zinachubua tumbo pia, na zinakuficha maumivu ambayo yangekwambia umezidisha. Ya kupaka kwenye goti ni salama zaidi kwa sababu kidogo sana ndio inaingia kwenye damu, muulize daktari au mfamasia juu ya hio, na mwambie una habari ya presha.

Lakini kuna neno lako moja lilinisimamisha, "nipate kulala". Maumivu ya pia ya goti kwa kawaida yanatulia ukijinyoosha. Kama ni siku ulizozidisha tu, sawa, yataisha ukipunguza. Ila kama usiku linakuamsha hata siku ambayo hukupanda, au limevimba, lina moto, una homa, linakwama halikunjuki, linakuacha ghafla unataka kuanguka, au huwezi kulikanyaga, hapo usifuate mpango wangu hata kidogo, lazima mtu aliguse. Nenda hospitali ya King Fahd uonwe na daktari, na hata bila dalili hizo kama baada ya wiki sita hakuna nafuu yoyote njoo kwa mtu wa fiziotherapia akuangalie ukishuka ngazi kwa macho yake. Kuna makosa ya nyonga na kifundo ambayo siwezi kuyaona kwa maandishi.

Presha kapime wiki hii. Kipimo kimoja hakisemi una ugonjwa, lakini 140 kwa 90 ndio mpaka na wewe umeuvuka, kwa hivyo kinataka kurudiwa siku tofauti. Hizi ngazi za polepole kwa presha ya kiasi hicho hazikatazwi, ila ukikuta imefika 180 kwa 110 au zaidi usifanye zoezi lolote mpaka daktari akuone. Na ukifika pale usikubali wakufunge kile kitambaa ukiwa ndio kwanza umeingia na jua na haraka. Usiwe umekunywa kahawa nusu saa kabla, keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini haikupishana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze wakati inapimwa. Waombe warudie mara ya pili baada ya dakika moja, andika namba zote mbili na tarehe, na ule ukaratasi uende nao kila ukirudi.